Zamu ya Kusukuma Kigari

Jumatatu, 3 Machi

Kigari kimefika. Magurudumu matatu, tairi za upepo, breki ya mkono. Nimeendesha lori miaka thelathini na nne na sijawahi kukabidhiwa chombo kizuri kama hiki. Abiria ni mmoja tu: mjukuu wangu wa kike, miezi kumi na mitatu, meno sita, cheo chake Bosi. Tunamwita hivyo kwa sababu akinyoosha kidole, watu wazima wanne wanasimama.

Mama yake, binti yangu, ni nesi. Likizo yake inakwisha na Jumatatu ijayo anarudi kazini. Anataka mtoto atolewe nje kila asubuhi. Amesema wiki hii babu zake wawili wajaribu kwa zamu, halafu Jumapili ataamua nani apewe asubuhi hizo.

Babu zake wawili! Nilidhani babu ni mimi. Huyo wa pili ni baba wa mkwe wangu, mwalimu wa michezo mstaafu. Humu namwita Filimbi, maana yeye kastaafu lakini filimbi yake bado iko kazini, inaning'inia shingoni hata akinywa chai. Filimbi alisoma maandishi ya kwenye boksi, akasema hiki ni kigari cha kukimbilia, si cha wazee wa kujikongoja. Kisha akalitazama tumbo langu. Binti yangu akacheka.

Sawa. Tutakimbia.

Nimekiunga mwenyewe, bila kusoma karatasi ya maelezo. Vimebaki vipande viwili. Siku hizi viwandani wanaweka vya ziada.

Jumanne, 4 Machi

Dereva hapakii mzigo asioujua. Nimempeleka Bosi dukani, tukampima kwenye mizani ya mchele. Kilo tisa na robo. Mwenye duka akauliza kama anifungie au nitamchukua hivyo hivyo. Nikanunua viazi kilo tisa na robo, Bosi nikamrudisha kwa bibi yake, viazi nikavifunga mkanda kigarini. Nikavivalisha na kofia ya Bosi. Jaribio liwe jaribio.

Njia ya nyuma ya nyumba. Hatua ishirini za kwanza, safi kabisa. Kufika mteremkoni, gurudumu la mbele likaanza kutetemeka, likakata kushoto kwa hiari yake, kigari kikaniponyoka kikaingia mtaroni. Viazi huku na huku. Nikajikuta napiga magoti naviokota kimoja kimoja, nasema pole mpenzi wangu, pole, babu yupo. Kuinua macho, jirani yetu fundi cherehani kasimama mlangoni pake na utepe wa kupimia shingoni. Hakusema neno. Wanaosema neno ni afadhali.

Kufika mchana, mtaa mzima ulikuwa na habari. Mke wangu akaniuliza kwa sauti ya upole sana kama siku hizi nalala vizuri.

Jioni nimesoma karatasi. Kipande cha kwanza kilichobaki ni pini ya kulifunga gurudumu la mbele mtu anapokimbia. Cha pili ni kamba ya kuvaa mkononi, kigari kisikuache. Nimevifunga vyote viwili kimyakimya. Tumekula viazi, na kesho tutakula tena.

Jumatano, 5 Machi

Zamu ya Filimbi. Nimekwenda uwanja wa mpira kabla yake, nikakaa benchi la mwisho nyuma ya gazeti. Akaja na kaptura, soksi hadi magotini, Bosi mbele kama waziri. Akakimbia mizunguko minane. Minane! Mgongo wima, mkono mmoja kwenye kigari, wa pili unahesabu. Mzunguko wa tatu alinisalimia bila kugeuza shingo. Wa sita akanijulisha kwamba gazeti nililoshika ni la wiki iliyopita.

Bosi alicheka mizunguko minne, kisha akalala mdomo wazi. Kwangu mimi mtoto huyu halali mpaka nimemaliza nyimbo zote ninazozijua, na mbili ninazozibuni.

Nimeumia. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mke wangu ameniuliza mtu mzima unaonaje kijicho kwa ajili ya kigari cha mtoto, nami nikamwambia ukweli. Binti yetu alipoanza kutembea, mimi nilikuwa njiani na shehena ya saruji. Nilisimuliwa kwenye simu ya ofisi, karani akiwa amenisimamia ili nimalize haraka. Niliporudi alikuwa anakimbia tayari, na aliponiona akakimbilia nyuma ya mlango. Bosi sasa anasimama kwa kushika viti. Siku yoyote ataachia. Sitaki kusimuliwa mara ya pili.

Mke wangu aliniongeza chai, akatia na sukari ambayo siku hizi hunikatalia.

Alhamisi, 6 Machi

Zamu yangu. Binti yangu amenifunga mkononi saa ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, ati kwa sababu ya tumbo. Kila kitu kinaonekana kwenye simu yake. Jana Filimbi aliivaa hiyohiyo, akaandikiwa hatua elfu nne.

Mzunguko wa kwanza nilikimbia. Nusu ya mzunguko, nikisema kweli. Pumzi ikaanza kupiga mluzi kama birika. Nikafika benchi la kivulini, nikavuta breki, nikasema tupumzike kidogo, Bosi. Bosi hakuafiki. Kigari kikisimama yeye hupiga mateke. Hapigi kwa hasira, anapiga kwa bidii, mguu huu, mguu ule, kama mtu anayelipwa kwa teke.

Nikaitazama miguu. Nikaitazama saa. Akili ni mali.

Nimemfunga Bosi saa kwenye kifundo cha mguu, tundu la mwisho kabisa, soksi juu yake. Dakika arobaini! Tumekula ndizi, tumetazama siafu wakihama, nimemwonyesha jinsi ya kupanga gia. Ameshika mkono wangu akauvuta kama gia kweli, kutoka ya kwanza hadi ya tano, na kila gia anaichekea upya. Sijawahi kuwa na asubuhi kama hii tangu nistaafu, na huenda hata kabla. Nilipovua saa na kuirudisha mkononi, ilisoma hatua elfu nne na mia mbili. Filimbi kwisha habari yake.

Nikarudi natembea kwa maringo. Binti yangu alikuwa getini na mashine ya kupima presha, bila viatu. Kwenye simu yake ameona moyo wa baba yake ukipiga mara mia na thelathini na tano kwa dakika, dakika arobaini mfululizo, bila kushuka. Alisema hayo ni mapigo ya mtoto mdogo, si ya mzee wa miaka sitini na sita. Ni nesi hodari sana, hospitali ina bahati.

Presha ilikuwa sawa. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Ameamuru nilale kitandani hadi Jumapili. Kigari nisikiguse.

Ijumaa, 7 Machi

Kitandani. Uji bila sukari. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Kila nusu saa mtu anachungulia kuona kama napumua.

Saa nne Filimbi amekuja kuniona, na machungwa. Akaufunga mlango, akaanza kukaa. Kukaa kulimchukua muda. Akaninong'oneza kwamba tangu Jumatano magoti hayakunjiki na mkewe ndiye anayemvalisha soksi. Alikimbia minane kwa sababu aliniona pale benchi, akajua nitakimbia tisa. Ameniuliza, kiume, kama ni kweli naumwa.

Nilikaribia kumwaga mtama. Kwa mara ya kwanza nilimpenda yule mtu. Ana uso mzuri akiacha kuhesabu. Lakini akahema, akasema basi, mkwe, kwa heshima ya afya yako nitajitolea kuzibeba asubuhi zote tano.

Nikaketi wima. Machungwa yakaanguka.

Baada ya yeye kuondoka nilimsikia Bosi ukutani, chumba cha pili, anatambaa akigonga sakafu na kijiko. Kisha kimya. Kimya kile cha mtoto anayejiinua kushika kiti. Nililala hapo mzima kama ng'ombe, hatua sita kutoka mlangoni, nikiwa nimefungiwa na uongo wangu. Safari ya saruji ilikuwa na sababu, hii haina.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeungama. Binti yangu alikuwa anakunja nepi. Nilianzia saa na soksi, nikarudi nyuma hadi pini, nikajikuta nimefika kwenye viazi ambavyo hakuna aliyeniuliza. Nilimwambia pia kuhusu saruji na simu ya ofisi. Sikukusudia. Ilitoka yenyewe.

Alikalia nepi alizokwisha kuzikunja, akacheka mpaka machozi, na mwishoni machozi yakabaki peke yake bila kicheko. Kisha akanipa vidonge vyangu. Kwamba hakulala siku mbili. Kwamba alishaongea na daktari wa moyo. Kwamba mtu mwenye mvi hafungi saa mguuni mwa mtoto. Kisha akauliza, kwani nani alisema mkimbie?

Nikamkumbusha maandishi ya boksi. Akasema amenunua kile kigari kwa ajili ya tairi. Kile cha zamani kilivunjikia kwenye mashimo ya mtaa wetu, na hiki kinapita popote. Alitaka mtoto apate jua. Mwendo wa kutembea, na kusimama kila penye kuku.

Wiki nzima! Wazee wawili, magoti manne!

Amempigia Filimbi simu mbele yangu akamwambia vilevile. Filimbi akaomba asubiri kidogo, atafute mahali pa kukaa.

Jumapili, 9 Machi

Hukumu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni zangu. Jumanne na Alhamisi za Filimbi. Tutatembea tu. Bosi hapuliziwi filimbi. Na mimi nina sharti la peke yangu: nisimdanganye tena binti yangu habari ya afya ya mtu yeyote. Nimeapa kwa mkono juu, mke wangu akiwa shahidi.

Siku tatu kwa mbili. Sisemi kitu. Nimeangalia tairi, upepo uko sawa.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi ya kwanza. Binti yangu ameondoka na sare yake, akageuka mara tatu. Sisi tumetembea. Tumesimama kwa kuku, kwa fundi cherehani, kwa fundi bomba aliyekuwa ndani ya shimo na kumpungia Bosi kwa spana. Uwanjani nikamtoa ili anyooshe miguu, akasimama akishika fremu ya kigari. Breki nilikuwa nimeilegeza. Kigari kikasogea. Bosi akasogea nacho. Kikasogea tena. Akatazama miguu yake, akanitazama mimi kuona kama nimeona. Kisha akaachia.

Hatua tatu! Bila kushika kitu. Akakaa chini puu, akacheka.

Nimelia. Mtu aliyekuwa anakata nyasi alizima mashine kuja kuuliza kulikoni. Nimeona kwa macho yangu haya, sikusimuliwa.

Halafu nikakumbuka kesho. Kesho ni Jumanne. Bosi atatembea mbele ya Filimbi, na Filimbi atatangaza ndizo za kwanza, atapiga filimbi, ataandika daftarini mwake na saa na dakika. Ilibidi nifikiri upesi. Nikampigia binti yangu kazini, nikasema mtoto ana mafua kidogo, afadhali kesho asitoke.

Nimemwambia hivyo nesi. Akasema yuko saa ya mapumziko, hospitali ni kona mbili tu, anakuja na kipimajoto.

Alifika mbio, sare yote, kofia mkononi. Nilikuwa natafuta namna ya kumfanya Bosi apige chafya. Bosi akamwona mama yake. Akakishika kigari, akajiinua, akaachia, na akaenda. Nimehesabu: hatua saba, mikono juu, mpaka magotini kwa mama yake. Binti yangu alipiga magoti kwenye majani na sare yake nyeupe, akawa anasema umeona, Baba, umeona, ndizo za kwanza. Nikasema ndiyo, mwanangu, za kwanza kabisa. Tukalia watatu, ingawa Bosi alilia kwa kuwa sisi tunalia. Kipimajoto hakikutoka mfukoni.

Kwa hiyo nimejifunza kitu. Bila mafua yale, mama mtu angesimuliwa kwa simu. Uongo mdogo wa afya, ukitumiwa kwa kiasi, unaunganisha familia.

Nimeketi mezani naandika orodha ya magonjwa madogo yasiyomtisha mtu, kwa ajili ya Jumanne na Alhamisi. Hadi sasa yapo manne. Wa kwanza ni kwikwi.