Kitambaa cha Seva ya Sigino

Jumatatu, 14 Julai 2025
Balaa! Mkuu wa shule yetu ya Sigino, Madam Philomena, ametangaza kwamba Ijumaa seva yetu, ile kompyuta kuu ya shule, inachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, isipokuwa kama itaweza kupanga matokeo ya shule nzima chini ya dakika tano. Leo imetumia sita. Masikini Mzee! Ndivyo ninavyoiita. Ana miaka kumi na minne na kila jioni namuaga. Nikasema dawa ninayo: kerneli mpya, ile programu ya ndani kabisa inayoiamrisha mashine. Madam Marietha, mwalimu mgeni wa kompyuta, akasema tupime kwanza, mpya na ya zamani, kila moja mara tatu, katika hali ileile. Mara tatu! Kwani tunapima mahindi?

Jumanne, 15 Julai
Nina mpango. Mashine hupenda baridi. Kerneli mpya nitaipima asubuhi na mapema, ya zamani saa saba mchana kwenye joto. Marietha hatajua. Akili ninayo, basi tu watu hawaioni.

Jumatano, 16 Julai
Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa shuleni. Baridi ya kukata masikio. Nikamhurumia Mzee, nikamfunika kitambaa alichofuma mke wangu, Mama Adrian, chenye maua ya njano, mbele mpaka nyuma. Alipendeza! Feni zikavuma kwa furaha. Kerneli mpya: dakika tisa. Tisa! Mchana jua lilipowaka nikamfunua, nikarudisha ya zamani. Sita, kama kawaida. Karatasi niliyoandikia vipimo nimeificha ndani ya soksi.

Alhamisi, 17 Julai
Marietha aliomba karatasi. Nikasema imeliwa na mbuzi. Hakubisha, akaomba tu nimwonyeshe nilivyopima. Nikamfunika Mzee. Akaweka kiganja nyuma ya mashine, akavuta kitambaa, akakikunja vizuri mara nne.

“Mwalimu Damasi, huku nyuma ndiko anakotolea joto. Umemziba pumzi, ndiyo maana anapunguza mwendo asiungue.”

Nikavua soksi, nikampa karatasi. Hakucheka. Alipima kutwa nzima, tatu na tatu, akiipumzisha mashine kila mara na kuandika joto la chumba. Chai hakunywa. Hata tisa yangu aliiandika, na pembeni: kitambaa. Sijawahi kuona mtu mkweli namna ile, tena mbele ya mashine tu. Nilitamani kuwa yeye. Ya zamani: sita. Mpya: nne na nusu!

Ijumaa, 18 Julai
Mnunuzi amerudi kwao Nangara na mkokoteni mtupu. Mzee amebaki! Madam Philomena alimpongeza Marietha, naye akasema wazo la kerneli lilikuwa la Mwalimu Damasi. Machozi yalinilenga. Mtu wa ajabu yule.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nimemwomba Mama Adrian afume kitambaa kingine, cha sufu, kizito, kifike mpaka sakafuni. Adarizi pia jina la Marietha kwa herufi kubwa, kule nyuma kabisa, penye ile hewa ya moto.