Risasi za Bei ya Kutupa na Kaburi la Baba

Jumatatu, 21 Oktoba

Hatua saba! Nimepima mara mbili, mara ya pili nikikimbia. Nguruwe mwitu wamevunja uzio wa makaburini upande wa kijito. Wamefukua majani kama trekta lenye wazimu. Kutoka walipoishia hadi kaburi la Baba ni hatua saba tu.

Baba alinunua sehemu ile ya kijitoni kwa sababu ilikuwa nusu bei. Alijisifu miaka ishirini, kwa Kicheki na kwa Kiingereza. Leo nimejua kwa nini ilikuwa nusu bei.

Kamati ya makaburi ilikutana jana baada ya Misa. Shemeji yangu Leland Barta, kaka wa mke wangu na mkuu wa zimamoto, mtu mwenye kila kitu na wa kwanza kukuambia, akasema mtego wake wa chuma amemwazima rafiki hadi katikati ya Novemba. Na tarehe mbili ni Siku ya Marehemu Wote. Padri atapita kubariki kaburi moja moja, na watu watakuja kutoka kila pembe ya Texas kuwaona wazazi wao. Nikasimama. Sijui nani aliniinua. Nikasema mimi, Ervin Kovar, niliyeshinda bunduki kwenye bahati nasibu ya pikiniki ya parokia, nitawamaliza kabla ya siku hiyo.

Makofi! Padri akanishika mkono kwa mikono miwili.

Bunduki haijatoka ndani ya boksi tangu Agosti. Naiogopa. Na haina risasi hata moja.

Jumanne, 22 Oktoba

Dukani kwa Bi Nelda, anayeuza chakula cha ng'ombe, buti na risasi chini ya paa moja. Nikamwuliza zipi zinafaa. Kosa langu. Alinisomesha nusu saa.

Anasema bunduki hii inajilisha yenyewe. Nguvu ya risasi moja ndiyo inayotupa ganda nje na kuvuta risasi inayofuata, kwa hiyo ina maringo ya kula kuliko bibi harusi. Ukiilisha takataka inapaliwa. Nichukue boksi moja moja la aina tatu, zote za kiwandani, zote zenye ganda la shaba. Nipige zote. Ile itakayomeza bila kupaliwa, na ikapiga ninapolenga, ndiyo ninunue kwa wingi, nisibadilishe tena.

Maboksi matatu! Nikauliza kama risasi hizo huliwa na mkate. Nikauliza za bei ya chini ziko wapi. Akanitazama juu ya miwani. Akasema, "Kaka, nguruwe hasomi bei."

Nimeondoka na kalenda ya bure.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ushindi! Kwenye gulio nimempata bwana mmoja mwenye meza ya kukunja anauza risasi kwa uzito, kama vitunguu. Kipimo changu sawa, ganda ni la chuma, rangi ya kijani iliyokolea. Amenijazia kopo zima la kahawa kwa bei ya boksi moja la Bi Nelda. Nikauliza za mwaka gani. Akasema risasi si maziwa.

Saa nane nimekwenda kuzijaribu nyuma ya zizi, nikilenga robota la nyasi lililoegemea ukingo wa udongo. Ya kwanza ikatoka! Nilipiga yowe, lakini ikatoka. Ya pili, ya tatu. Ya nne ganda likang'ang'ania ndani. Nikavuta. Nikabembeleza. Nikasali. Nikawa nashika kuni niigonge, mara pikapu ikasimama njiani. Nani tena? Leland.

Alilitoa lile ganda kwa fimbo ya kusafishia, polepole, mdomo wa bunduki ukitazama udongo. Kisha akachota risasi zangu kiganjani. Akasema ziko bunduki zinazokula chuma mchana kutwa bila shida, lakini hizi zina kutu, zina unyevu, na zimemzidi Padri umri. Akacheka hadi kofia ikamdondoka. Halafu akanyoosha mkono garini akatoa boksi la shaba, jipya. Akasema chukua bure, shemeji.

Nimekataa! Nichukue kwa Leland, anisimulie kwenye kila karamu ya soseji hadi nife? Nimemwambia ninazo nyingine njiani.

Sina nyingine njiani.

Jioni nimepita makaburini. Hatua tano. Na kuna alama ya kwato moja kubwa kama sahani ya chai.

Jumapili, 27 Oktoba

Mungu hamtupi mja wake. Baada ya Misa, kwenye kahawa na kolachi, vile vimikate vitamu vya Kicheki, nilikaa karibu na Mzee Alfons Sulak. Mzee huyu hutengeneza risasi gerejini kwake. Anaokota maganda ya shaba yaliyokwisha pigwa, anatia fataki mpya ya kuwashia, anatia baruti, anafunga kichwa, basi inakuwa mpya. Kaunti nzima inazisifu. Ni kweli wanaozisifu wanasimulia mambo ya miaka kumi iliyopita, na mzee sasa ana themanini na sita. Lakini sifa ni sifa.

Nikamweleza habari ya Baba. Akalia. Walicheza besiboli pamoja. Nikauliza bei huku nimefumba jicho moja. Akasema, "Pesa zako kaa nazo, mwanangu." Anataka kitu kimoja tu. Kesho asubuhi, kwenye kipindi cha muziki wa polka cha redio, nipige simu nimwombee wimbo, yeye na marehemu mkewe Albina. Atausikiliza akitengeneza risasi zangu.

Bure! Baba angelia kwa furaha.

Georgine, mke wangu, amesema nina mkono wa birika kama marehemu Baba, na Baba mwenyewe tunaona alipofikia. Nilikuwa natafuta namba ya redio.

Jumatatu, 28 Oktoba

Niliomba nyimbo tatu. Ukarimu ni ukarimu. Zikapigwa mfululizo, polka mbili na waltzi moja, na mtangazaji akamtaja Albina kwa jina. Hata mimi machozi yalinitoka.

Saa sita nimekwenda kuzichukua. Risasi arobaini, zinang'aa, zimepangwa ndani ya boksi la kolachi. Mzee alikuwa amefurahi kupita kiasi. Ananiambia kwenye waltzi alishindwa kujizuia, alisimama akacheza na kijiko cha baruti mkononi, macho yamefumba, kama vile Albina yupo. Redio ilipotulia akarudi mezani akaendelea pale alipoishia.

Nikamwambia vizuri sana.

Georgine anasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leland, aliyekuja kuazima ngazi, akasema nizipime moja moja kwenye mizani, iliyo nyepesi niitupe. Risasi arobaini! Nani ana muda huo? Hatua tatu zimebaki.

Jumatano, 30 Oktoba

Mtanisamehe mwandiko, ingawa hamna anayesoma hapa ila mimi.

Saa kumi na moja jioni nilijificha nyuma ya jiwe la kaburi la ukoo wa akina Barta, kwa sababu ndilo pana. Jua bado lipo. Wakatoka kijitoni. Nikahesabu kumi na mmoja, kisha akatoka wa kumi na mbili, nikaacha kuhesabu. Dume. Mweusi, mgongo wa miiba, meno ya njano yametoka nje. Akaenda moja kwa moja kwa Baba kana kwamba ana miadi naye.

Nikapiga. Sijui ilikwenda wapi. Kundi likashtuka, lakini lile dume halikushtuka. Nikapiga tena. Badala ya mlio ikatoka "pu", kama soda iliyokaa wazi tangu Jumapili. Bunduki haikunisukuma, wala ganda halikuruka.

Nilijua la kufanya. Vuta mkono wa bunduki, ganda litoke, risasi mpya iingie, piga tena. Nilivuta. Ikaingia. Kidole kikawa tayari kwenye triga, dume limejaa machoni pangu, hatua kama ishirini.

Akapiga hatua moja kuja kwangu. Moja tu!

Nikatupa bunduki nikakimbia. Sitaki kuipamba habari. Nilikimbia huku nikimwita mama. Katikati ya makaburi kuna msalaba mkubwa wa saruji, nikaupanda sijui kwa vipi, nikakumbatia miguu ya Bwana Yesu. Nikabaki pale nikiwasikia wanafukua, na mimi namwomba Baba msamaha kwa sauti. Georgine alikuja kunitafuta jua likizama, akapiga honi hadi wakatawanyika. Ilibidi anibandue kidole kimoja kimoja.

Hatua moja.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leland alikuja asubuhi. Aliichukua bunduki, ambayo Georgine alikuwa ameiokota makaburini, bila kucheka, na hilo ndilo lililonitisha kwanza. Akatoa magazini, akatoa ile risasi niliyoiingiza, akasukuma fimbo mtutuni. Fimbo ikaishia katikati. Kuna kitu.

Ni kichwa cha risasi ya pili. Ile ya "pu" haikuwa na baruti. Fataki peke yake ilikisukuma hadi katikati ya mtutu, kikakaa. Nikauliza kwa hiyo? Leland akanitazama usoni. Akasema kwa hiyo kama ungepiga ile ya tatu, shemeji, mtutu ungekupasukia. Macho, vidole. Au tungekubariki keshokutwa pamoja na mzee wako.

Nilikaa chini. Si kwenye kiti, chini. Nilijaribu kushika kikombe, kahawa yote ikaishia kwenye suruali. Kidole kilikuwa pale. Kilikuwa tayari.

Georgine alitoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Asante Mungu kwa kunipa mwoga." Kisha akachukua pochi yangu mezani, akaondoka na gari.

Amerudi na maboksi matatu ya Bi Nelda. Leland aliipeleka bunduki kwa fundi, fundi akakitoa kile kichwa, akaukagua mtutu, akasema haukuvimba. Risasi za Mzee Alfons zote Leland amezichukua kuzifungua. Mchana Georgine amezijaribu za kwake nyuma ya zizi, boksi kwa boksi. Za kwanza zilikwama mara moja. Za pili zilitoka zote lakini zilitawanyika kama kuku. Za tatu zilimezwa zote ishirini bila kikohozi, na matundu yote ungeweza kuyafunika kwa kolachi moja.

Hizo za tatu hazikuwa hata za bei ya juu. Zilikuwa za bei ya kati! Georgine akarudi kuongeza maboksi mawili ya aina hiyo hiyo. Mimi niliokota maganda.

Ijumaa, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Jioni tumekwenda, yeye na bunduki, mimi na darubini. Nilikuwa nimelala kifudifudi na darubini imefungwa. Nasikia Georgine anapumua taratibu kama anayetunga uzi kwenye sindano.

Mlio mmoja. Mwingine. Mwingine. Kila mara nilihisi kitu kinanipasukia usoni, nikajipapasa macho. Yapo.

Nguruwe watatu chini, na dume ni mmoja wao. Waliobaki wamevuka kijito wanalia. Dume limeangukia ukingoni mwa kaburi la Baba, pua imegusa jiwe, upande ule lilipochongwa jina. Pale chini udongo ulikuwa umeshafunuliwa hadi ubao wa jeneza unaonekana. Georgine aliweka bunduki chini, akapiga magoti, akaanza kurudisha udongo kwa mikono yake. Nikapiga magoti nami. Nimelia sana na sioni aibu kuandika.

Nimemwahidi, nikiwa na udongo wa Baba kwenye kucha, kwamba sitakimbilia tena kitu cha bei ya kutupa. Kamwe. Niliapa kwa sauti.

Jumamosi, 2 Novemba

Padri amebariki makaburi yote. Kwa Baba alisimama kidogo zaidi. Maua mapya, udongo umesawazishwa, huwezi kujua. Soseji za karamu ya zimamoto zilikuwa tamu, na Leland amemsimulia kila mtu habari ya msalaba, akionyesha jinsi nilivyokumbatia. Watu walimshangilia Georgine. Mimi nilishangiliwa kwa ajili ya kukimbia.

Saa tisa kamati ikatangaza. Safu nzima ya kijitoni, kwa sababu ya uharibifu wa nguruwe, sasa ni robo bei.

Robo!

Nimenunua sehemu mbili za kaburi, ubavuni kwa Baba. Moja yangu, moja ya Georgine, zawadi ya ndoa yetu kutimiza miaka thelathini. Sijamwambia. Hati ziko ndani ya buti langu, na kila akipita karibu naficha mguu chini ya meza.

Leland anasema wakati wa machipuko watarudi, hawakosi. Waje! Yale maganda niliyookota nyuma ya zizi yalikuwa shaba safi, mazuri, bure kabisa. Ningeyatupaje? Nimempelekea Mzee Alfons, ataanza kuyajaza keshokutwa asubuhi.

Nimeshapiga simu redioni. Safari hii nimeomba wimbo mmoja tu.