Nanga ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Bei ya manowari imepanda tena. Mara ya tatu hii, na meli zenyewe bado ni michoro na mabamba ya chuma yaliyokatwa huko kiwandani. Kamanda, mkuu wetu wa Manunuzi, alituita ofisini kwake akaiandika bei mpya ubaoni. Ubao haukutosha. Sifuri mbili za mwisho aliziandika ukutani. Mfagizi alinuna, rangi ya ukuta ni mpya.

Kamanda akaeleza hali. Jeshi la Majini limeagiza manowari tatu. Fedha zilizotengwa ni za bei ya zamani. Waziri anakuja wiki ijayo kuuliza kulikoni. Atakayepunguza matumizi ndiye atakayepewa kiti cha msaidizi, kilicho wazi tangu aliyekikalia astaafu. Kiti hicho kina chumba. Chumba kina dirisha. Na mlango!

Meza yangu iko kwenye ujia, mkabala na choo. Kila aendaye chooni huniwekea mafaili yake mezani na kuniomba nimwangalizie. Miaka yote hii nawaangalizia.

Mpinzani ni mmoja tu: karani mwenzangu tunayemwita Rula, kwa sababu hupigia mstari kila kitu, hata bahasha. Alinikuta kazini. Viatu vyake hulia akitembea, ili watu wajue ni vipya.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Yeye ni fundi cherehani na sebule yetu ndiyo karakana yake. Mimi hukaa ukingoni mwa kochi, vitambaa vikiruhusu. Mama mkwe, anayeishi nasi, akauliza hizo meli ni za kumpiga nani. Nikamjibu kwamba ni siri ya serikali. (Sijui. Itabidi niulize.)

Jumanne, 4 Machi

Dawa nimeipata! Ni rahisi mno hata naona haya kwa niaba ya wengine. Bei inapanda kwa sababu meli zimejazwa vitu. Toa vitu, bei ishuke.

Nimesoma maelezo ya manowari kuanzia omo hadi tezi, penseli nyekundu mkononi. Kuna kiti cha kinyozi. Vitani! Kuna chumba cha kupigia pasi. Kuna nanga mbili. Mbuzi mmoja hufungwa kwa kamba ngapi?

Nikaandika barua: ondoa kiti, ondoa chumba cha pasi, ondoa nanga ya pili. Kamanda alikuwa anawahi kikao, akatia sahihi akiwa amesimama. Barua nikamkabidhi wakala wa kiwanda cha meli, ambaye huja kila asubuhi kunywa chai yetu na ofisi nzima humwita Tabasamu. Aliisoma. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema wateja wa aina yangu ni adimu siku hizi. Heshima kama hiyo sikuipata hata siku ya harusi yangu.

Jioni alikuja bibi harusi mtarajiwa. Gauni lake limeshakatwa na kushonwa nusu. Sasa hataki mikono. Mke wangu akamwongezea bei. Nilishindwa kunyamaza. Mteja alipoondoka nikamwambia huo ni unyonyaji: iweje kitambaa kipungue na bei ipande?

"Baba watoto, nguo imeshakatwa," alisema, pini amezibana midomoni. "Kuondoa nako ni kazi. Nafumua, nakata upya, nashona upya. Wewe ungenifanyia bure?"

Ameshona tangu kabla hatujaoana, na hesabu ya kutoa bado inamsumbua. Nilimsamehe.

Alhamisi, 6 Machi

Bei imepanda.

Tabasamu ameleta jibu mwenyewe, na biskuti. Inaelekea kiti cha kinyozi kilikuwa kinasawazisha tangi la maji la upande wa pili. Wahandisi wamelazimika kupiga mahesabu upya na kuchora upya, kwa kila meli. Chumba cha pasi kilikuwa na ukuta unaobeba kitu fulani, nimesahau, ila ni kizito. Na nanga ya pili imeacha tundu. Tundu linataka kizibo cha kuzuia bahari. Kizibo hicho ni ghali kuliko nanga.

Namba ya Kamanda sasa imefika kwenye swichi ya taa.

Rula alicheka hadi akashikilia kabati. Yeye ana mpango wake: tununue meli ya nne, kwa kuwa anayenunua jumla hupunguziwa. Ameuandika mpango mzima na kupiga mistari miwili chini ya kila neno. Kamanda akasema atauweka akilini. Mchana nilikosa hamu ya kula. Nilikula, lakini bila hamu.

Kubwa zaidi: mama mkwe amekwisha kuwatangazia majirani kwamba nimekuwa msaidizi wa Kamanda. Mwenye duka alinipa hongera. Muuza mkaa akanipigia saluti. Nikaipokea. Kuikataa kungekuwa utovu wa adabu.

Ijumaa, 7 Machi

Nililala na tatizo, nikaamka na jawabu. Kama kuondoa kumepandisha bei, basi kurudisha kutaishusha. Hesabu ya kidato cha pili!

Barua: rudisha kiti, rudisha chumba cha pasi, rudisha nanga. Kamanda akaniuliza kama nina hakika. Nikajipiga kifua. Akatia sahihi polepole.

Tabasamu alinikumbatia. Mtu mzima mwenye suti, amenikumbatia mbele ya mlango wa choo. Akauliza kama nina ndugu anayefanya kazi wizara nyingine yoyote. Rula alikuwa anapita na mafaili yake. Aliyaona yote. Jicho alilonitupia lingeweza kukaanga yai.

Jumatatu, 10 Machi

Namba imevuka swichi, imevuka kalenda, imegonga fremu ya mlango.

Kizibo kilitengenezwa vizuri sana, hivyo kukitoa ni ghali kuliko kukitia. Palipokuwa na chumba cha pasi pamepita mabomba. Chumba itabidi kihamie juu, na kikihamia juu mlingoti nao unahama. Chuma nacho kimepanda bei wakati sisi tunaandikiana barua.

Kamanda hakufoka. Angefoka ningejua pa kushika. Alipanda kiti, akaandika sifuri ya mwisho, akashuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina wazo jingine. Nikasema ninalo. Akaniomba nisimwambie.

Rula amekwisha pima chumba cha msaidizi. Anataka meza itazame mlango.

Nilibeba kikombe changu nyumbani, ili Jumatano, Waziri akija na kunifukuza, nisitoke nacho mbele za watu. Mke wangu alikiona kwenye mfuko. Alikiosha, akanitilia chai humo humo. Mama mkwe akasema mradi mikono yangu haitetemeki, naweza kuwashikia tepu wateja wakipimwa. Akasema ataona namna ya kuwaeleza majirani. Muuza mkaa atataka saluti yake.

Jumatano, 12 Machi

Niandike taratibu. Nisiruke kitu.

Waziri aliingia ofisini kwa Kamanda saa nne. Alianza kuisoma namba ubaoni, akaifuata ukutani, akatembea nayo. Alipofika kwenye swichi alivua miwani. Alipofika mlangoni alijikuta nje. Akarudi. Akauliza hii ni kazi ya nani.

Rula hakusubiri. Alininyooshea kidole, kisha akasoma barua zangu zote mbili kwa sauti, na mistari yake. Nilitazama kiatu changu. Nilifikiria tepu.

Waziri aliifuata tena namba hadi mlangoni. Kisha akasema kwa bei hii hakuna mwenye akili wa kununua manowari tatu. Hata mbili. Tutanunua moja, na zile mbili zifutwe. Akamgeukia Kamanda, akauliza wizara itatumia kiasi gani sasa. Kamanda akapiga hesabu, akairudia. Akasema ni pungufu ya fedha zilizotengwa. Pungufu sana.

Waziri akavaa miwani. Uso wake ukafunguka kama dirisha. Akasema hajaona kitengo kilichobana matumizi namna hii tangu ateuliwe, na leo leo atawatangazia waandishi wa habari. Akauliza tena ni kazi ya nani, safari hii kwa sauti nyingine.

Kamanda akanivuta mbele.

"Ni ya huyu," alisema. "Ndiye aliyetuokolea manowari mbili."

Nikainamisha kichwa. Niligundua kwamba hiyo moja inakaribia bei ya mbili za zamani, lakini hakuna aliyeniuliza. Waziri akamuuliza Rula yeye alichangia nini. Rula alikuwa bado ameshika mpango wa meli ya nne. Aliukalia.

Kiti ni changu! Meza ya choo amepewa Rula.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa chumbani kwangu, mlango umefungwa. Nimeufungua na kuufunga mara kadhaa. Haulii. Dirisha linaona geti. Kikombe kimerudi. Nilipopita kwenye ujia nilimwekea Rula mafaili yangu mezani, nikamwomba aniangalizie.

Nyumbani mke wangu ananishonea suti ya cheo. Jana, alipokwisha kuikata, nilimwambia aondoe kizibao ili bei ishuke. Akanitajia bei mpya, ya juu zaidi. Basi nikamwambia akirudishe. Akaweka mkasi chini, akaenda kukaa na mama yake. Wamecheka hadi cherehani ikapoa. Sijui kulikuwa na nini.

Asubuhi hii nimeketi na maelezo ya manowari iliyobaki. Meli sasa ni moja tu, na bado ina nanga mbili! Barua imekwisha kwenda. Tabasamu ameipokea kwa machozi.

Mbili tayari nimeziokoa. Nikiendelea na kasi hii, mwaka hautaisha kabla sijaiokoa na ya tatu.