Zabibu ya Mama Mukwe

Bandugu, haya niliyopata leo inanitosha mpaka Idi. Musome polepole, na mwenye kucheka acheke kimoyomoyo.

Munanijua: miye ni muuza vitenge, sokoni hapa Baraka. Mama mukwe wangu ni mulimaji wa Swima, mwanamuke wa jembe kabisa. Toka siku ya ndoa ananiangalia mikono (laini, ni kweli, kitenge hakitoi sugu), halafu anaangalia kando. Kwetu mukwe na mama mukwe hawataniani, kwa hiyo mbele yangu hasemi kitu. Lakini binti yake Zaina, bibi yangu, yeye mama alimuambia wazi: "Bwana wako hata jani hawezi kuotesha."

Ikaniuma! Nilipoenda Uvira kuchukua mali, nikaomba rafiki mwenye muzabibu anikatie vijiti. Nikamupigia mama mukwe simu papo hapo: nitakupa muche wa zabibu, nitauotesha kwa mikono yangu hii hii.

Nikafanya vile rafiki alinielekeza. Vikopo vya maziwa, udongo, muchanga kidogo wa ziwa. Kila kikopo nikachomeka kijiti kimoja cha zabibu, na pembeni kijiti kingine cha kushikilia sashe, mufuko wa plastiki, juu, isigusane na muche. Hivyo vya kushikilia nilivikata kwenye lupango, ile miti ya uzio wa nyumba yetu. (Shetani aliingilia hapo. Sikumuona.)

Wiki zikapita. Leo asubuhi nafungua sashe: majani! Mapana, ya kijani, yenye kona kona kama ya kwenye picha! Niliruka, nikaita majirani. Kila kikopo, kijiti kimoja kimeota, kingine kimesimama tu, kikavu, hakina hata haya. Nikang'oa vikavu vyote. Kazi yao ya kushikilia sashe imeisha, si ndiyo?

Mama mukwe akafika na pikipiki. Zaina akalalamika, "Mbabula inakataa kuwaka, makala iko na maji." Mi mwenyewe, mukwe mwenye bidii, nikavunja vile vijiti vikavu nikawashia lile jiko la makaa. Chai ikachemka vizuri sana.

Akamaliza kikombe. Nikaleta kikopo kwa mikono miwili, nimeinama.

"Mama, zabibu yako ndiyo hii."

Majirani wakasogea. Mama akaangalia. Akanusa. Akachuma jani moja, akavunja kikonyo nusu, akakikunja, utomvu ukatanda katikati. Halafu akapuliza. Wallahi, mama mukwe wangu akapuliza! Kiputo kikatoka, kikapita mbele ya pua yangu, kikapasuka.

"Mukwe, hii tulichezea sisi wote tukiwa batoto. Ni muti wa lupango. Zabibu iko wapi?"

Zaina akaangalia mbabula. Na miye nikaangalia mbabula. Mama akainama, akaokota kipande kimoja kilichoanguka pembeni ya moto. Chini yake, vimizizi vyeupe vilikuwa vimeanza kutoka. Kumbe vilikuwa hai! Vilikuwa vinachelewa tu!

"Basi," akasema, "zabibu tumekwisha kuinywa na chai."

Jirani mumoja akakimbilia nyuma ya nyumba kucheka. Miye nilitamani ardhi ipasuke nijitie humo na vitenge vyangu vyote. Lakini mama mwenyewe akaanza. Akacheka mpaka kilemba kikamutoka kichwani. Toka ndoa sijamusikia akicheka mbele yangu!

"Mama, nihurumie. Nitakutafutia ingine."

"Ya nini? Leta kikopo changu. Mbuzi wa jirani banaingia kwangu kila siku, hii itaziba tundu ya lupango yangu. Na imeota, mukwe. Imeota vizuri!"

Akapanda pikipiki, amekumbatia kikopo kama mutoto muchanga.

Sasa hivi Zaina amepokea simu. Mama anaita bamama wote wa mutaa wake waje kuona zabibu aliyooteshewa na mukwe wake. Bandugu wa Swima, nawaomba kwa jina la Mungu: mukifika pale, museme "zabibu nzuri", mupite.