Nyoka Aliyetulia

Jumamosi, 11 Mei
Mbu wamenila mpaka kope. Hainiumi. Mwaka huu jalada la kalenda ya chama chetu cha wapiga picha wa nyoka na kobe ni langu! Lamar Gaskill amelichukua kila mwaka, na hachoki kutukumbusha. Nimegeuza magogo mpaka mgongo umegoma. Kisha, chini ya msonobari uliooza, huyo! Nyoka wa pua iliyobinuka. Hapa pwani ya Carolina watu huzeeka hawajamwona. Kuniona tu, kavimbisha shingo, kajipindua chali, ulimi nje. Maiti! Uongo mtupu, ndiyo kawaida yao. Nikamlaza tumbo chini, akajirudisha chali. Tena. Na tena. Nani ataweka tumbo la nyoka kwenye jalada?

Jumapili, 12 Mei
Chama kinataka mnyama apigwe picha pale pale alipopatikana. Kanuni ya Lamar, bila shaka. Mimi nimekuja naye nyumbani. Mpango: boksi la kupozea bia, barafu tele. Akipoa kidogo atatulia. Nikamtia ndani ya foronya, nikamlaza kwenye barafu, nikafunika boksi, nikaenda kutazama besiboli. Usingizi ukanipitia. Alasiri nikamtoa. Mtulivu ajabu! Nikampanga juu ya mchanga, kichwa juu, shingo upande. Hakujipindua hata mara moja. Tumeelewana. Picha safi kupita zote nilizowahi kupiga.

Jumatatu, 13 Mei
Bi Verlene, katibu wa chama, alikuja kushuhudia nikimrudisha chini ya gogo lake. Nikammimina kutoka kwenye foronya, akaangukia chali, akabaki hivyo. Nikamweleza Bi Verlene kwamba anaigiza. Akapiga magoti, akamgeuza tumbo chini, akangoja. Nikangoja naye. Nikasema huyu ni fundi wa maigizo.

"Elwood," akasema, "anayejifanya amekufa hujirudisha chali mwenyewe. Huyu hajifanyi."

Akampapasa tumbo. Akasema ana mayai. Tukamfukia pale pale. Nililia, na sioni haya kuandika.

Jumamosi, 18 Mei
Picha yangu imekataliwa. Jalada kapewa Lamar. Wiki nzima nimejiuliza nilikosea wapi, usingizi sipati. Leo nimepata jibu: nilikosea mnyama. Nyoka ni kiumbe dhaifu. Lakini kobe wa vinamasi vya maji ya chumvi hulala kwenye tope la baridi majira yote ya kipupwe, na hatoki ila akiwa mzima. Baridi kaizoea! Boksi nimeshaliosha.