Tanuru Lisilo na Moshi la Kibirichia

Mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, waliofika, waliotuma salamu na waliofuata harufu ya mbuzi. Maaskofu, Shehe Ayub kutoka mjini, machifu, wadau wote wa sekta ya moshi, na nyinyi wananchi mliosimama kwenye baridi, hamjambo? Nimesema, hamjambo? (Machifu wanapiga makofi.)

Mimi Kaimenyi, Mkurugenzi wa Hewa na Mambo Yanayohusiana na Hewa, nimekuja kutangaza kwamba makaa ya mawe yanayochomwa katika kiwanda hiki cha viazi, na ambayo yamepaka masizi nguo zenu, sukuma wiki zenu na, kama utafiti shirikishi ulivyobaini, makamasi yenu, sasa yatachomwa katika tanuru la teknolojia ya kisasa inayoitwa fluidized bed, ambapo mchanga hupulizwa kwa hewa kutoka chini hadi ukatokota kama uji, makaa yakaungua humo kwa moto wa upole, na chokaa iliyosagwa ikainasa gesi ya salfa kabla haijafika puani, hivyo kupunguza uchafu kwa asilimia tisini na tisa, takwimu ambayo nimeipitisha mimi mwenyewe. (Vigelegele. Kikohozi.)

Nani anakohoa? Ni mtoto wako, Mama Mwendwa? Pole sana.

("Pole ya nini, Mheshimiwa? Huyu mtoto halali, anakohoa kitu nyeusi! Hiyo tanuru iko wapi?" Umati: "Eee, iko wapi?")

Swali zuri, mama, swali la kimkakati. Ofisi yangu haijalala. Mchanga ulifika. Chokaa ilifika, lori zima. Mnataka nini tena? (Minong'ono.) Kibirichia hoyee! (Hoyee mbili.) Hewa safi hoyee! (Kikohozi.)

Namalizia kwa shukrani. Asanteni vijana, mliomwaga ule mchanga wote barabarani ili gari langu lisikwame kwenye matope. Asanteni akina mama, na wewe Mama Mwendwa nilikuona ukiinama na mtoto mgongoni, mliopaka ile chokaa yote kwenye mawe na mashina ya miti, kutoka lami hadi hapa jukwaani, ili nipokelewe kwa heshima. Mmependeza kweli! Na kwa vile tanuru lenyewe hatukuwahi kuliagiza, hakuna kilichoharibika.

Mungu awabariki. Mkifika nyumbani, fungeni madirisha.