Meza Kuu ya Watu Mia Tatu na Kumi na Wawili

Jumanne asubuhi, mjini Milwaukee, Lyle Brandvold alifungua barua pepe akakuta amealikwa meza kuu, ubavuni pa Butch Tillery. Butch ni yule mchezaji mstaafu ambaye mji mzima bado unamlilia kama marehemu, ingawa yuko hai, mzima wa afya, na anauza mashine za kukata nyasi. Hafla yenyewe ilikuwa ya kuchangia paa la maktaba ya mtaa. Lyle hakuwa mgeni wa heshima wa mtu yeyote. Jina lake liliingia kwenye orodha ya maktaba siku moja tu, alipojiandikisha ili apate jibini ya bure.

Akateremsha macho. Anwani za wageni wote, mia tatu na kumi na wawili, zilikuwa wazi kama nguo kambani, na kila mmoja kaahidiwa kiti hicho hicho. Meza kuu ilikuwa na viti vinane.

Majibu nayo yalikuwa yameshaanza kumiminika, kwa sababu watu wa kule wana ustaarabu wao: ukiandikiwa pamoja na wenzako, unawajibu wote. Unawashukuru wote, unawauliza wote utaegesha wapi gari. Daktari wa meno Wendell Schaub aliwauliza wote kama kiti chake ni cha kulia au cha kushoto kwa Butch. Darlene Pfister, muuza magari, alimjibu mbele ya umma kwamba cha kulia kina mwenyewe. Mtu mwingine angewaonea haya. Lyle aliona riziki.

Baada ya nusu saa alikuwa mlangoni pa ofisi ya maktaba, tai shingoni, na kadi iliyosema yeye ni Mtaalamu wa Masahihisho kwa Wageni. Cheo hicho alikuwa amekichapa dukani, akiwa njiani.

Mwenye kosa, aliyewatumia wote mwaliko wa meza kuu, aliitwa Marlys Kubiak, katibu wa maktaba kwa miaka kumi na tisa. Macho yalikuwa mekundu. Mkurugenzi alikuwa ametoka kumwambia kwamba wageni wakijitoa kwenye hafla, naye afungashe vitu vyake. Marlys alikuwa amebakiza miaka miwili apate pensheni.

"Nimeshaandika ya kuomba radhi," alisema. "Nilikuwa naituma sasa hivi."

"Thubutu, dada yangu. Ukiituma hiyo umewanyang'anya watu mia tatu Butch Tillery kwa mpigo mmoja. Unawajua watu wa hapa, au umehamia jana?"

Marlys aliondoa mkono kwenye kitufe. "Sasa nifanyeje?"

"Tunawapoza taratibu. Kwanza hawa arobaini wenye pupa. Tunawaandikia kwa siri: kosa limetokea, ila wewe peke yako, kwa heshima yako, kiti chako kipo, kithibitishe kwa dola mia tatu."

"Kila mmoja tunamwambia ni yeye peke yake?"

"Kila mmoja kwa barua yake. Ndiyo fani yenyewe hiyo."

"Arobaini, Bwana Lyle. Viti vinane."

"Ya viti niachie mimi."

Akaiandika barua mwenyewe, tamu kama halua, na chini akaweka kiungo cha kulipia. Alitaka itoke kwenye anwani ya maktaba, maana maktaba haijawahi kumtapeli mtu. Marlys alimshukuru, akamfungia vipande viwili vya keki, akamwomba radhi kwa kahawa nyepesi. Kule watu huwaomba radhi hata milango wanayojigonga. Lyle alitoka akijipongeza, maana mtu mpole kiasi kile hakuwahi kumpata.

Pole yake. Mtu aliyeungua asubuhi kwa kutuma bila kusoma, mchana husoma mara tatu. Mara ya tatu Marlys alikibofya kile kiungo mwenyewe, aone kinapeleka wapi. Kilimpeleka kwa L. Brandvold, akaunti binafsi.

 Alikuwa ameamini kwamba kuna mtu amekuja kumwokoa, na hilo ndilo lililomuuma, kuliko ule wizi wenyewe. Kisha akakifuta kile kiungo, akaweka cha mfuko wa paa, akatuma. Daktari Schaub alilipa ndani ya dakika nne. Darlene alilipa mara mbili, asije akazidiwa.

Alhamisi Lyle alirudi. Akaunti yake ilikuwa nyeupe pe.

"Dada Marlys, ile pesa imekwenda wapi?"

"Kwenye paa. Kwani ilikuwa iende wapi?"

"Kulikuwa na kiungo pale."

"Nilikibadilisha. Kama nimekosea tusahihishe, si ndiyo kazi yako?" Akavuta kibodi. "'Wapendwa wageni, pesa mliyotuma kwa ajili ya paa ilikusudiwa iende mfukoni mwa Bwana Lyle.' Hapo nimeiweka sawa?"

Lyle alitazama dirisha, kisha viatu vyake. "Basi, achana nayo."

"Ila ujira wako upo. Jumamosi, kwenye hafla, mbele ya watu wote. Nitakutumia mwaliko."

Ukamfikia kweli, nao ulisema meza kuu. Na bingwa huyu, aliyekula kwa barua za namna hiyo tangu ujanani, akapiga pasi suti.

Jumamosi jioni, ndani ya maktaba, meza za kukunja kutoka makanisa matatu zilikuwa zimeunganishwa ncha kwa ncha. Zilianzia kwenye rafu za vitabu vya mapishi, zikazunguka za sheria, zikaishia kwenye za watoto. Meza moja, kuu kabisa, na wote mia tatu na kumi na wawili wameizunguka. Butch alisukumwa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu madogo, akikaa kidogo kwa kila kundi. Hakuna aliyejitoa, na mkurugenzi alikuwa akimwita Marlys "mpenzi wetu" kwa sauti. Walionuna ni wale arobaini tu. Daktari Schaub alikuwa amelipia upekee, akawekwa mkabala na mfagizi.

Mkurugenzi akagonga glasi, akasoma kikaratasi alichopewa na Marlys. "Asimame Bwana Lyle Brandvold. Mpango wa viti ni wake, pamoja na zile barua za siri."

Lyle alikuwa ameshasimama alipolisikia neno la mwisho. Watu arobaini waliacha kutafuna. Marlys akamkabidhi bahasha, akampa mkono, akarudi kumalizia viazi vyake. Ndani mlikuwa na kadi mpya ya kuazimia vitabu, yenye jina lake kamili na anwani ya nyumbani.

"Hebu tuione hiyo anwani," alisema Daktari Schaub nyuma yake, naye Darlene alikuwa ameshaketi juu ya koti la Lyle lililokuwa kitini, asipate kuondoka.